Anafuata Nyuma

Juzi binti yangu alileta kitabu cha shule chenye picha ya mji unaowaka moto. Mwanamume amembeba babake mgongoni, amemshika mwanawe mkono. Niliijua hadithi ile. Ni utenzi wa kale wa Kilatini ambao baba yangu aliufundisha seminari, kabla hajatuleta Birmingham, mimi na babu.

Baba alinisimulia alasiri moja nikiwa mtoto, kwenye fleti yetu ya mtaa wa Newtown. Kulinuka unyevu na vitunguu vilivyoungua, na nje ya mlango lifti ililia kama mtu anayekabwa.

"Na mamake mtoto?" nikauliza.

"Anafuata nyuma."

Nikafurahi, maana ndivyo alivyosema tulipomwacha Mama kule Nakuru. Nikasogeza mto wangu ukutani ili naye apate pa kulala.

Babu aliacha kutafuna. "Mmalizie mtoto hadithi, wewe."

"Imeisha, Mzee."

Wapi! Juzi nilifungua ukurasa uliofuata. Mke alipotelea motoni, na mume hakugeuka kumtazama mpaka alipofika salama. Baba alijua hayo yote kwa Kilatini, na bado alinitazama nikipanga mto. Mama alingoja mpaka akafa.

Binti yangu aliuliza, kwa Kiingereza chake, mama wa yule mtoto yuko wapi.

"Aliachwa," nikamwambia.