Kishungi Namba 31

Shangazi yangu Seraphine amekausha samaki kando ya ziwa letu miaka sitini, na sijawahi kumwona akitupa unywele hata mmoja. Zinazobaki kwenye kitana huziviringa akazitia motoni. Ndivyo tulivyo: nywele ni za mwenyewe, na zisipochomwa, akifa atarudi kuzitafuta.

Basi watu wa chuo kikuu walipokuja kupima kama samaki wetu wana zebaki, wakataka nywele za wanawake wanaowala. Mimi ndiye niliyeajiriwa kushika mkasi, na mimi ndiye niliyeropoka, "Msijali, kitakachobaki kitarudi." Hakuna aliyenituma. Ulimi hauna mfupa, jamani! Odile, mdogo wake Seraphine, akaniamini, akainama. Alikuwa amejipaka rangi ya dukani kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake: mizizini nyeupe, chini nyekundu. Tulimcheka wiki nzima. Nikakata kishungi, nikakibandika kwenye kadi namba 31.

Majira ya baridi Odile akafa, moyo. Marehemu wetu tunamwashia moto mwaka haujaisha, tukamlisha humo chakula alichokipenda. Moto wa Odile ulipangwa Septemba, na Seraphine alitaka nywele zile ziingie humo.

"Mtoto wewe, ulimi wako ndio unaomzuia mdogo wangu njiani," aliniambia. "Ulimi huohuo ukamlete."

Nikampigia simu Dokta Hollis, mkuu wa utafiti. Si mwanamke mbaya, lakini kanuni zake!

"Nywele zimehifadhiwa bila majina," akasema. "Na anayeruhusiwa kuomba zake ni mwenyewe tu."

"Mwenyewe amekufa."

"Pole sana. Hapo ndipo penye shida."

Shangazi akaninyang'anya simu. "Wewe binti, una wanawake wangapi humo kwenye friji lako wenye nywele za rangi mbili?"

"Mmoja," nikamsikia Hollis akisema.

"Basi huyo hahitaji jina. Mrudishe. Mpaka arudi, hakuna mwanamke hapa atakayekupa hata kope."

Hakuwa anatania. Wanawake arobaini walitakiwa kupimwa tena mwezi huo, na wote wakaja kunisalimu wamefunga vitambaa kichwani, hata wasiovaaga. Nikakaa na mkasi wangu kama mjinga.

Hollis alikuja mwenyewe, kwa ndege ya asubuhi, siku ileile ya moto. Ndani ya bahasha mlikuwa na nywele za urefu wa kidole, nyekundu tupu. Zile nyeupe za karibu na kichwa zilikuwa zimesagwa kwa ajili ya kipimo.

"Hizi ndizo zilizobaki," akasema, macho chini. "Nisameheni."

Shangazi akazigeuza kiganjani. Niliogopa, nasema kweli.

"Zake mmezila," akasema, "mkaniachia za dukani." Kisha akaanza kucheka, machozi yanamtoka. "Haya, Odile. Nenda na urembo wako."

Akazilaza juu ya kipande cha samaki mkavu, akavitia motoni pamoja. Tukakaa mpaka vikaisha.

Halafu akavuta kiti, akanigeuzia mgongo, akafungua kitambaa chake.

"Kata," akaniambia. "Na safari hii usiahidi kitu."

Nikakata, mdomo nimeufumba.