Mpira wa Jumatano

Harufu ya machungwa yaliyokatwa vipande vinne, ikichanganyika na dawa ya kuchulia misuli, ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumatano zangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Shule yetu ilikuwa Toongabbie, upande wa pili wa reli, na uwanja wake ulikuwa umeinama kidogo kuelekea kwenye kijito, hata timu iliyocheza ikitelemka ikawa kama imepewa mchezaji wa kumi na mbili. Ilikuwa miezi ya baridi, ile Juni na Julai ya Sydney ambayo ndugu zetu wa Voi hawakuiamini tulipowasimulia kwenye simu, upepo ukitoka magharibi na kupenya hadi kwenye ufizi. Kasuku weupe walitua uwanjani wakifukua mizizi ya nyasi, na ilibidi mtu awafukuze kabla mpira haujaanza. Mkata machungwa nilikuwa mimi. Mwalimu Halim, aliyetufundisha useremala na ambaye alikuwa kocha kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka kazi hiyo, alinikabidhi kisu na ndoo akaniambia kwamba bila machungwa hakuna kipindi cha pili. Nilimwamini kama nilivyoamini Injili.

Afadhali niseme mapema ninaposimama, ili asiyependa aishie hapa: mpira wa kulipwa siupendi. Siupendi kwenye runinga, siupendi uwanjani, siupendi ukibishaniwa na wanaume wetu kule Blacktown baada ya ibada, watu wazima wenye wajukuu wakitoleana mishipa ya shingo kwa ajili ya klabu za Ulaya zisizojua hata kama wao walizaliwa. Mchezaji anauzwa kama mbuzi wa mnadani, kisha anabusu nembo ya kifuani mbele ya kamera kana kwamba alizaliwa nayo; msimu ujao anaibusu nyingine kwa midomo ileile. Kila baada ya dakika chache tangazo la kamari. Nikisema haya naambiwa kwamba mpira wa shule ni mbovu. Najua ni mbovu, niliuona kwa macho yangu: beki wetu wa kulia alikuwa akisimama kufunga kamba za viatu wakati adui anampita. Lakini wale waliocheza walikuwa wameketi dawati moja asubuhi, na walipofungwa walilia katika basi moja, na hakuna aliyekuwa akimtumia mwenzake kama ngazi. Hata hivyo chuki yangu haikuzaliwa na mawazo haya. Mawazo yalikuja baadaye kuitafutia chuki nguo za kuvaa. Yenyewe ilianza na mtu mmoja aliyeitwa Mugisho.

Mugisho alikuwa na miaka kumi na sita. Yeye na mama yake walikuwa Wakongo wa Bukavu waliokaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa Australia, na walikuwa wakiishi katika jengo lilelile la ghorofa tuliloishi sisi, wao chini, sisi juu. Alikuwa mrefu, mwenye aibu, na darasani alisema maneno machache sana, hata walimu wengine wakadhani hakijui kabisa Kiingereza. Uwanjani alikuwa mtu mwingine. Hakuwa na mbwembwe. Alikuwa akiupokea mpira kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akiutazama kidogo, kisha anauachia kwa mwenzake aliyekuwa hajui kama yuko mahali pazuri mpaka mpira ulipomfikia. Kwa sababu yake watoto wasiojua kucheza walifunga mabao. Yule beki wa kamba za viatu alifunga moja, akakimbia uwanja mzima akilia, na Mugisho akakimbia nyuma yake akicheka. Sijawahi kumwona akicheka namna ile mahali pengine popote. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu shule ijengwe, tuliingia robo fainali ya kombe la mtoano la shule, na mwalimu mkuu, ambaye hakujua idadi ya wachezaji katika timu, alianza kutusifu kwenye mkutano wa asubuhi.

Penye mzoga tai hakosi. Bwana mmoja mwenye koti la klabu alianza kusimama pembeni mwa uwanja siku za Jumatano, mikono mfukoni, bila kupiga makofi hata mara moja. Wiki ya tatu alimfuata Mugisho, na Ijumaa jioni akaja nyumbani kwao. Mama Mugisho alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na Kiingereza chake kilitosha kumwuliza mzee kama ana kiu au anaumwa, basi. Wazazi wangu walikuwa kazini, kwa hiyo alipanda ngazi akaniomba mimi nishuke nikawe mkalimani. Nilivaa viatu vya kanisani. Jambo hilo nalikumbuka kwa aibu zaidi kuliko mengi: nilibadilisha viatu ili nikae na watu wazima.

Tuliketi wanne. Bwana wa klabu kwenye kochi, Mama Mugisho kwenye kiti cha plastiki, mimi katikati yao juu ya stuli, na Mugisho ukutani akiitazama miguu yake. Yule bwana alisema mengi kuhusu chuo cha klabu cha kulelea vipaji, mazoezi, vyakula, madaktari, safari, na mimi nikatafsiri kila neno, nikiongeza chumvi pale nilipoona Kiswahili kimepooza. Aliniambia kwamba nina akili kuliko wasichana wa umri wangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa nimeanza kuchota ndoo. Mama Mugisho alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

“Na ku masomo, ataendelea kucheza na benzake?”

Nililipeleka swali lake la mpira wa shuleni kwa Kiingereza. Yule bwana alijibu bila kusita kwamba hapana, kijana akishatia saini haruhusiwi kucheza mpira wa shule, hata mechi moja, hata ya kirafiki, kwa ajili ya kumlinda asiumie. Akatabasamu. Nilielewa kila neno. Nilielewa pia kwamba nikilisema hilo mama yule angeiweka kalamu chini, na koti lile lingetoka mlangoni, na mimi ningepanda ngazi na viatu vyangu vya kanisani kurudi kuosha vyombo. Nilitaka Mugisho awe mtu mkubwa, nami niwe yule aliyekuwapo siku alipoanza ukubwa. Ulimi hauna mfupa. Nilimgeukia mama yake nikamwambia, “Anasema watamlinda, Mama. Hataumia.” Akashukuru Mungu, akatia saini.

Hakuna aliyeniuliza kitu siku zile. Mwalimu Halim alipata habari kutoka klabuni Jumatatu, na alichofanya ni kuondoa jina la Mugisho ubaoni kwa mkono mtupu, bila kutafuta kifutio. Wachezaji wenzake walimnunia Mugisho. Mmoja alimwita msaliti, wengine wakaacha kukaa naye wakati wa chakula, na yeye hakujitetea, kwa kuwa jioni alikuwa akipanda treni kwenda mazoezini na mchana alikuwa amechoka. Mimi nilijiambia kwamba ndivyo watu wakubwa wanavyoanza. Wiki mbili baadaye ikawa siku ya robo fainali, uwanjani kwetu, na shule yote ikaruhusiwa kutoka darasani.

Nilikuwa nimeinama kwenye ndoo nilipoona vitenge. Mama Mugisho alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kazi, ili aje kumwona mwanawe akicheza. Katika miaka miwili hakuwa amewahi kumwona hata mara moja. Alikuwa amebeba sufuria ya wali na maharage iliyofungwa kwa taulo, ya timu nzima, na amevaa viatu vilivyokuwa vikizama kwenye nyasi. Wachezaji walitoka, akawahesabu kwa macho, akawahesabu tena. Mugisho alikuwa nyuma ya wavu wa uzio na koti la klabu limefungwa mpaka kidevuni, amesimama peke yake kama mtu anayesubiri basi.

Mama yake alinijia na sufuria yake akaniuliza kwa nini mtoto wake yuko nje. Ningeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, kwamba ameumia kidogo, kwamba anapumzishwa. Sijui kwa nini sikuusema. Nilimwambia kwamba wamemkataza, kwamba yule bwana alisema hivyo siku ile, na kwamba mimi nilisikia nikaacha kumwambia. Hakupandisha sauti. Aliiweka sufuria chini taratibu, kando ya machungwa.

“Nilikupatia kinywa yangu, Wakesho,” alisema. “Ukaenda kusema nayo mambo yako.”

Kisha akavuka kando ya uwanja, akaenda kusimama na mwanawe kule kwenye uzio, na hapo wakakaa hadi kipenga cha mwisho. Tulifungwa mabao manne. Beki wetu wa kulia alilia kabla mechi haijaisha. Ule wali aliugawa Mwalimu Halim mwenyewe, na timu iliyofungwa ikaula wote, hata mimi nikapewa sahani ambayo sikuweza kuimaliza.

Ningependa kuandika kwamba klabu ilimfanya Mugisho mtu mkubwa, maana hapo dhambi yangu ingepata pa kujificha. Mwaka mzima walimweka benchi na kumbadilisha nafasi, leo winga, kesho beki, mpaka akapoteza ule utulivu wa kuupokea mpira. Goti lake liliharibika mazoezini, siku ya kawaida, hakuna mtu karibu yake. Barua ya klabu ilipokuja, Mama Mugisho alipanda tena ngazi zetu. Mama yangu alikuwapo, tena muuguzi anayekijua Kiingereza kuliko mimi, na akanyoosha mkono kuipokea. Mama Mugisho hakumpa. Alinipa mimi, akasema nisome yote, nisipunguze. Nilisoma. Walimshukuru kwa mchango wake, walimtakia kila la heri, na walimwomba arudishe koti.

Sasa nina miaka thelathini na minne na ni mwalimu katika shule ya sekondari huko huko magharibi. Kila Jumatano ya baridi nipo pembeni mwa uwanja, nami ni mkali. Makoti ya klabu siku hizi yanakuja hata kwa wasichana. Mwaka huu mmoja aliniuliza jina la binti yetu wa kiungo, mtoto wa Kirundi, na nikamwambia aje na mkalimani aliyesomea kazi hiyo na karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya wazazi, la sivyo asinisogelee. Alicheka akidhani natania. Nilimtazama mpaka akaondoka.

Mugisho ana miaka thelathini na saba, anafanya kazi katika ghala upande wa Auburn, na anachechemea kidogo asubuhi za baridi. Shoka husahau, mti hausahau, ndivyo tulivyofundishwa, lakini kwetu mambo yamegeuka: mti umesahau, shoka ndilo linalokesha. Yeye ni shabiki wa klabu ileile. Mwezi uliopita alinipigia simu kunialika uwanjani pamoja naye na mwanawe wa miaka tisa, aliyemnunulia jezi. Nilishindwa kujizuia. Nilimwambia yote, kuhusu jibu nililolificha na viatu vya kanisani, mambo ambayo katika miaka ishirini na moja sikuwahi kuyatamka mbele yake kwa kuwa niliamini mama yake alimweleza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

“Nilikuwa pale, Wakesho,” alisema. “Ile Kizungu yote niliisikia. Mama aliuliza, ukamjibu vile, na mimi nikanyamaza. Nilitaka kwenda.”

Nilimwuliza mbona aliniacha nibebe mzigo huo peke yangu, mtoto wa miaka kumi na mitatu, mbele ya mama yake. Alisema kwamba alikuwa na miaka kumi na sita na alimwogopa mama yake kuliko alivyonihurumia mimi, na kwamba anaomba msamaha. Nilimsamehe palepale, kwa wepesi ulionishangaza. Mwaliko wake niliukataa. Nilifikiri kwamba baada ya kutua mzigo nitaona pia chuki ikitoka, lakini haikutoka, na nimeacha kuiombea itoke. Wakati ule nilidhani mpira ulituharibikia kwa sababu mimi nilikuwa mwongo. Sasa najua kwamba chumba kile kilikuwa na watoto wawili waliotamani ukubwa, mama mmoja aliyeuliza swali la maana, na mtu mzima mmoja tu aliyejua vizuri kabisa anachokichukua. Yeye alipotoka alimshukuru kila mtu, akampa mkono hata mkalimani.