Vijiti vya Mlimani

Mgeni aliyekuja kuwinda kwa bastola aliniomba vijiti viwili vya kuegemezea silaha, vifungwe kama mkasi. Nilivikata nyumbani Bwesumbu, mlimani, nikavifunga kwa mpira wa tyubu. Tulipofika tambarare ya Kikorongo akavisimamisha, bastola ikalala upande. Mguu mmoja wa vijiti ulikuwa mfupi. Sikukosea kupima, kwetu mlimani hata benchi hukatwa hivyo, mteremko unafidia upande uliopungua. Nilipunguza ule mrefu, kisha mwingine, mpaka akalazimika kukaa chini ndipo alenge. Alinitazama kana kwamba mimi ni mjinga, nami nilichoka kueleza. Jioni nikapanda kurudi, magoti yakiuma, nikakaa kwenye benchi langu la mguu mfupi. Hapo tu ndipo mgongo uliponyooka.