Makaa ya kwa Mama Nyokabi

Juzi jioni nilipita mtaa wa Rhonda nikitoka kazini, nikakuta mwanamke akipepea jiko mlangoni kwa kipande cha katoni. Makaa ndiyo kwanza yalikuwa yanashika moto, na harufu ile ikanisimamisha. Nilisimama muda mrefu, hadi akaniuliza kama nilikuwa namtafuta mtu. Nilikuwa namtafuta mama, lakini utamwambiaje hivyo mtu usiyemjua?

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Kabazi. Nyinyi mliokulia huko juu mnaijua Julai, ukungu unaingia mpaka jikoni bila kubisha. Mwaka huo ndugu yangu Kamau alizaliwa kabla ya siku zake, na daktari akamwonya mama kwamba baridi ya alfajiri isimguse mtoto kabisa kifuani. Mvua nayo ikaharibu barabara, lori la makaa likashindwa kupanda. Tulibaki na gunia moja, tena lilikuwa limeshaanza kutumika.

Sisi wakubwa watatu tulipenda moto kupita kiasi. Mama akigeuka tu, tunaongeza makaa. Alitugombeza, tukanyamaza, tukaongeza. Alitueleza habari za kifua cha Kamau, tukahuzunika kwelikweli, halafu miguu ikashika baridi tukasahau.

Basi jioni moja, akisonga ugali, akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na sufuria, "Watoto wa Mama Nyokabi huweka vipande vitano tu, na vinawatosha mpaka wakalale."

Mama Nyokabi alikuwa jirani yetu, ng'ambo ya ua. Bintiye Nyokabi nilisoma naye darasa moja, na alinishinda hesabu kila muhula. Kushindwa hesabu nilishazoea. Kushindwa na baridi, hapana.

Tukaanza na vitano, tukashuka hadi vinne. Tulijibana chini ya blanketi moja, mama katikati na Kamau kifuani pake, dirisha likiachwa wazi kidogo kwa sababu aliogopa hewa ya makaa. Mimi nilikaa paja kwa paja naye. Tukienda kulala alifukia makaa yaliyobaki kwenye jivu, ili alfajiri Kamau apate moto wake. Nimelala nyumba nyingi tangu wakati ule, wala sijapata tena joto kama lile.

Siku lori lilipofika, bado kulikuwa na makaa ndani ya gunia. Kamau sasa ni jitu la watu, yuko Naivasha, analalamikia jua.

Mama alituacha mwaka juzi. Siku ya mazishi nilikuwa nikimenya viazi vya wageni pamoja na Nyokabi, akaniambia, "Muthoni, nyinyi mlitutesa sana. Kila jioni mama alituambia, 'Watoto wa Mama Muthoni wanatumia vinne, nyinyi mnashindwa aje?'"

Kisu kilinitoka mkononi. Kumbe wale wanawake wawili walipatana pale uani. Tulicheka mpaka shangazi zangu wakageuka kututazama, kisha nikalia, maana sikuwa tena na wa kumwuliza.

Siku hizi naishi mtaa wa Milimani. Watoto watatu, vyumba vitatu, hita tatu, na milango imefungwa. Nilipotoka Rhonda jioni ile niliwaambia, huku nikipanga vikombe, kwamba watoto wa Auntie Nyokabi wana hita moja tu ya sebuleni, na wote hukaa hapo. Walitazamana. Nikatoka nje haraka nikampigia Nyokabi simu, tusije tukapishana maneno.

"Wangu wakikuuliza, kwenu ni hita moja," nikamwambia.

"Muthoni, wangu wanajua nyinyi hamna hita hata moja. Huu ni mwaka wa pili."

Niliporudi ndani, kitinda mimba wangu alikuwa ameshaburuta blanketi lake mpaka sebuleni, na wakubwa wake walikuwa wakigombania upande. Nilijipenyeza katikati yao. Siku zote nilidhani jioni zile mama alikuwa akimwekea Kamau makaa. Nilipolihisi paja la mwanangu likiegemea langu, nikajua kwamba mama naye alikuwa akijiwekea kitu.