Vidonge vya Shambani

Kwetu Newala, msimu wa korosho ukifika, wanawake huokota kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu. Mwenye shamba hupika ugali, huchota maji, na pale mkekani huweka vidonge vya mgongo. Ndiyo heshima yenyewe. Usipoviweka, watasema una mkono wa birika.

Mama yangu alivimeza miaka nenda rudi. Kuinama kutwa chini ya mikorosho si mchezo. Mwaka juzi miguu yake ikaanza kuvimba, akasema ni uzee. Mimi sina subira hata ya kungoja chai ipoe. Nikamuuliza ni uzee gani huo, ukibonyeza kidole mguuni shimo linabaki. Tukateremka hospitali ya Ndanda.

Daktari, kijana mpole, alimwamkia shikamoo kwanza, ndipo akamweleza. Figo zimechoka, na sehemu iliyokufa hairudi. Iliyobaki inaweza kudumu sana, mradi presha ishuke, chumvi ipungue, na vile vidonge viachwe kabisa. Akiendelea navyo ataishia kwenye mashine ya kusafisha damu, na mashine iko mbali na kwetu. Mama akauliza jambo moja tu: mgongo ukiuma je? Akajibiwa, parasetamo kwa kipimo, na kupumzika.

Kupumzika! Huyo si mama yangu.

Dawa za presha alimeza bila ubishi. Chumvi aliiacha kwa kununa; ming'oko, viazi vyetu vya porini, niliyoichemsha bila chumvi aliisogeza pembeni, akaniambia nikampe mbuzi. Lakini kwenye mashamba ya wenzake aliendelea na vidonge, nilijua, maana alikuwa akirudi jioni amenyooka mno. Nikamfokea. Akanijibu kwa utulivu ulioniudhi zaidi.

"Nikivikataa wataniuliza kwa nini. Nikisema figo, wataniona marehemu. Nani atamwita marehemu kuokota korosho?"

Baba hayupo, shamba ndilo linalotulisha, na bila wenzake korosho zetu zingeozea chini.

Zamu yetu ikafika. Nilipika ugali na kisamvu, chumvi nikaiweka kando, kila mtu ajitilie. Walipokaa kula, mkekani hapakuwa na vidonge. Nilidhani mama amesahau. Jirani yetu, mwenye maneno kuliko wote, ambaye namwita mama mdogo kwa adabu tu, akacheka.

"Leo kwa dada hata kidonge hakuna?"

Nilishafungua mdomo nimjibu, mama akanishika mkono.

"Hakuna," akasema. "Mimi ni mgonjwa wa figo, na vidonge hivyo vimeniharibia. Miguu ilivimba, mkojo ukawa na povu kama la sabuni, nikajifanya sioni. Atakayetaka kuniacha aniache. Ila kwangu hamtavimeza tena."

Mmoja aliomba maji, mwingine akasifu kisamvu. Wakamaliza kula, wakarudi kwenye mikorosho, na mpaka jua linapungua hakuna aliyemtajia mama habari za kesho. Niliogopa kweli. Yeye aliendelea kuokota polepole, akisimama kila mara kushika kiuno, bila kunitazama.

Wenzake walipoaga, jirani alibaki anaosha sahani ambazo hakuna aliyemwomba aoshe. Nikamfuata, nimejiandaa kwa ugomvi.

"Kesho ni kwangu," akaniambia. "Mwambie dada aje. Atakaa chini, atenganishe korosho na mabibo, asiiname."

Nikamshukuru, kwa mara ya kwanza kutoka moyoni. Alikung'uta maji mikononi, akauliza kwa sauti ya chini Ndanda tunakwenda lini. Nikamwambia Jumatatu, kisha nikamuuliza kuna nini. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa karatasi ya vidonge, akanitia mkononi.

"Katupe chooni," akasema. "Vikibaki kwangu nitavimeza. Na mimi naliona hilo povu."