Zamu Yangu Ilikuwa Kesho

Kwetu huku mlimani, juu ya mji wa Bahati, uyoga unaoheshimika ni ule unaochomoza kwenye kichuguu cha mchwa. Huo watu wanaujua na wanaupigania, na mwenye shamba akichelewa kuamka anakuta majirani washauvuna. Lakini ule unaotoka chini ya miti ya paini, wenye kofia ya kahawia inayoteleza utadhani imepakwa ute wa yai, huo hauna mwenyewe. Wanauita chakula cha fisi. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara aliniona siku moja nikitoka msituni na kiondo kimejaa, akaniuliza kama nimechoka kuishi. Nikamjibu kwamba nikichoka nitamjulisha yeye wa kwanza, maana habari anazipenda.

Kijiji kizima tuliokula uyoga huo tulikuwa wawili, mzee wangu na mimi. Sasa nimebaki mmoja. Mtu akifiwa huambiwa mengi: utakosa sauti nyumbani, utakosa mkono wa kusaidia shambani, kitanda kitakuwa kikubwa. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakosa mtu wa kula naye chakula ambacho wengine wote wanakiogopa. Hilo nililigundua mwenyewe, na liliniuma kuliko mengine.

Mzee aliujua uyoga ule kutokana na kazi. Ujana wake aliumalizia kwenye kitalu cha miche ya paini, na pale mche haukupandwa kwenye udongo wowote tu. Ilibidi udongo wa kitalu uchanganywe na mwingine uliochotwa chini ya paini zilizokomaa, la sivyo miche iligeuka manjano na kudumaa. Yeye ndiye aliyebeba udongo huo, gunia begani. Tulipooana alinipeleka msituni, akafukua mzizi mwembamba, akanionyesha nyuzi nyeupe zilizouvaa mzizi kama soksi. Akasema uyoga wenyewe ndio hizo nyuzi. Huu tunaouona juu ni tunda lake. Nyuzi zinauletea mti maji na virutubishi kutoka mahali mizizi haifiki, na mti nao unazipa sukari uliyoitengeneza kwenye majani. Nilimuuliza kati ya hao wawili nani ndiye mke. Alicheka mpaka akaketi chini, na suruali ya kazini ikalowa.

Lakini kujua uyoga unavyoishi si kujua kama unaua. Mara ya kwanza alipouleta nyumbani, binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa bado ananyonya. Nilikataa katakata. Nilimwambia kama yeye anataka kufa, njia ni nyeupe, lakini mimi nina mtoto wa kulea. Alikuwa ameshika kisu, anaumenya ule uyoga ngozi yake ya utelezi, vidole vyote vimekuwa vya kahawia. Akafikiri kidogo, akatunga sheria papo hapo. Yeye atakula leo, mimi nitakula kesho. Akiamka mzima, nile. Asipoamka, mtoto ana mama.

Basi tuliifuata sheria hiyo maisha yetu yote. Cheka ukitaka. Hata tulipoufahamu uyoga ule kama tunavyofahamu viazi vyetu wenyewe, hata binti alipomaliza shule, akapata kazi, akaolewa Lanet na kuanza kuniletea wajukuu, kila mvua ya mwezi wa nne ilipokolea mzee alikula leo, mimi kesho. Sufuria moja, siku mbili. Yeye alikula ukiwa moto, umetoka tu kukaangwa na kitunguu, mimi nikala uliolala. Alikuwa ananiambia changu ndicho kitamu, ati chumvi imeshaingia vizuri. Binti hakuonja kamwe. Kwake sheria ilikuwa fupi zaidi: hapana.

Na usiku wa zamu yake mimi sikulala. Sikuwahi kulala, hata msimu mmoja. Mzee anakoroma, mimi nasikiliza. Akinyamaza kidogo, namgusa bega. Asubuhi anaamka na nguvu zake zote, anauliza mbona macho yangu mekundu, nami naingia jikoni kimya na kula changu kwa hasira.

Alikufa kwa ugonjwa wa moyo wakati wa kiangazi, na si kwa uyoga, ingawa jirani yangu alijitahidi sana kuviunganisha. Mvua iliyofuata nilienda msituni nikaukuta umejaa chini ya paini, kofia zimesukuma majani makavu, nyingine bado zimekunjana kama ngumi ya mtoto. Nilisimama pale na kiondo changu kitupu. Nikajiuliza, sasa nani atakula leo? Sikuchuma hata mmoja. Uliozea pale pale, na mimi nikarudi nyumbani kupika githeri, mahindi na maharagwe ya mtu mmoja, ambayo hata ufanyeje inabaki.

Mwaka uliofuata nilijishika. Nilijiambia hivi mimi nina binti, tena yuko Lanet tu, si ng'ambo. Nilichotaka kilikuwa kidogo sana: mtu mmoja akae mezani kwangu, ale ule uyoga pamoja nami, ili usiwe chakula cha mtu mpweke. Nikampigia simu. Akasema sawa, Jumamosi atakuja. Wee! Nilifagia uwanja mpaka kuku wakashangaa. Jumamosi asubuhi niliingia msituni ukungu haujainuka, nikachagua midogo, ile migumu ambayo funza hawajaifikia, nikaja nikaimenya nikiimba nyimbo za kanisani.

Binti alifika na mkate, sukari na majani ya chai, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Alisimama mlangoni mwa jikoni akitazama uyoga unavyochemka kwa maji yake kikaangoni. Nikampakulia. Akaisukuma sahani polepole kuelekea kwangu.

"Wewe kula leo, Mum," akasema. "Mimi nitakula kesho. Si ndiyo sheria?"

Moyo wangu uliruka. Nilidhani amesema atalala. Nilishaanza kutafuta ufunguo wa kabati nimtandikie kitanda chake cha zamani, shuka ile ya maua, ndipo akanieleza kwamba watoto wana kazi ya shule, kwamba asubuhi ana zamu ya kufundisha watoto kanisani, kwamba atarudi kesho baada ya ibada. Nilirudisha ufunguo pale ulipokuwa. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, na maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Niliyameza.

Nikaketi, nikala. Na hapo ndipo nilipogundua jambo. Katika ndoa yetu yote sikuwa nimewahi kuula uyoga ule ukiwa moto. Ulikuwa mtamu ajabu, laini, una harufu ya msitu wenyewe, na ule wangu wa kila kesho haukuwa umeukaribia hata kidogo. Kumbe! Miaka yote hiyo ati changu ndicho kitamu. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika, kisha nikatamani sana kumgombeza mtu, na mtu mwenyewe hayupo. Binti aliniuliza nacheka nini. Nilipojaribu kumweleza, nikaona haangalii macho yangu. Anaangalia mdomo wangu, kila kijiko kinapoingia.

Aliondoka jua likiwa bado juu. Nilifunika sufuria yenye fungu lake, nikaiweka mahali pa baridi. Na nikalala. Nililala usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata tangu mazishi, wa kuamshwa na ng'ombe wakilalamika kwamba wamechelewa kukamuliwa.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa nje nikimsubiri. Ibada zilikwisha, watu wakapita barabarani na nguo zao nzuri, jirani yangu akanisalimia akinitazama vizuri kama niko mzima. Simu ikalia. Sauti ya binti ilikuwa imekauka, nikadhani ana mafua.

"Mum, umeamka?"

Nilimwambia nimeamka kitambo, nimekamua, nimelisha kuku, na kwamba aje upesi kabla chakula chake hakijachacha.  

"Sijapata hata lepe la usingizi," akasema. "Nimeshika simu usiku kucha. Naogopa kukupigia usije ukakosa kushika. Baba alienda hivyo hivyo, ghafla. Aki Mum, usinifanyie hivyo tena. Niahidi."

Nilikuwa na jibu tayari. Nilitaka kumwambia huo uyoga nimeula tangu yeye hajaota meno, na kama angelala kwangu angenisikia nikikoroma. Lakini mdomo ulikataa. Usiku huo anaousema mimi naujua, hakuna mtu mwingine duniani anayeujua kama mimi. Anayekula kwanza analala. Anayesubiri kesho ndiye anayekesha. Mzee hakuwahi kuelewa, na mimi sikuwahi kumwambia, nilinyamaza tu na macho yangu mekundu. Tena mimi nilikuwa na bega la kugusa. Binti yangu alikuwa na simu mkononi na barabara yote ile katikati yetu.

Nikamwambia sawa. Sitachuma tena. Akaniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, nami nilimaanisha. Alilia kidogo, akasema atakuja Jumamosi na watoto, atapika yeye, chapati. Nikamwambia alete unga wa kutosha, hao wajukuu wangu wanakula kama wanajeshi. Tukaagana vizuri.

Kisha nikaingia ndani. Fungu lake lilikuwa pale, limepoa, mafuta yameganda pembeni mwa sufuria. Kutupa nilishindwa. Jana nilikuwa nimekula zamu ya mzee, na leo ilikuwa kesho, zamu yangu. Nilivuta kiti changu, nikala yangu polepole nikilia, na nilipomaliza niliosha sufuria nikaitundika ukutani.