Mwiko wa Jaji

Mzee niliyemtunza Wembley, London, alikuwa jaji mkubwa kwao India, na hata kustaafu hakukumtoa mahakamani. Ukimuuliza anataka biskuti ipi, anasikiliza kwanza pande zote mbili. Tulielewana kwa Kiingereza, chake cha mahakamani, changu cha sokoni Woolwich, na nilimpenda tangu wiki ya kwanza kwa sababu alikuwa mbishi kama marehemu baba yangu kule Unguja.

Tangu alipoanguka bafuni hakutoka tena nje. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na alitaka jambo moja tu: babu aingie ukumbini kwa miguu yake. Babu akakataa. Kiti cha magurudumu hataki, kutembea hataki. Binti yake, aliyeishi naye, alibembeleza mpaka sauti ikamkauka.

Mimi nilifanya nilivyofundishwa kazini. Akisimama na fremu yake ya kutembelea, nakaa nyuma kidogo, mkono karibu na mkanda wake asije akaanguka. Anajikongoja mpaka mlango wa jikoni, anagoma. Kila siku hapo hapo. Mwishowe uvumilivu ukaniishia.

"Mzee wangu, huu mlango umekukosea nini?"

"Mlango hauna kosa," akasema. "Nyuma yangu kuna askari. Anayefuatwa na askari ni mshtakiwa."

Nilicheka, kisha nikaona mwenzangu hacheki. Akanieleza kwamba miaka yote ya ujaji alitanguliwa na mtu mwenye kilemba na fimbo ya fedha, akimfungulia njia kutoka ofisini mpaka kwenye kiti chake. Yeye kazi yake ilikuwa kuufuata ule mgongo.

Kumbe! Nikamweka binti yake nyuma, maana mtoto si askari, nikachukua mwiko wangu wa pilau, nikauinua juu na kupaza sauti: "Pisheni! Jaji anapita!" Hapakuwa na wa kupisha ila paka. Mzee akavuka mlango, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Siku ya harusi mwiko niliufunga utepe mwekundu. Kwenye mlango wa ukumbi sikujua Wahindi wanaingiaje, nikaingia Kizanzibari, kwa vigelegele. Ngoma zikanyamaza. Watu wote wakasimama, njia ikafunguka. Sikugeuka nyuma, nilisikia tu fremu ikigonga sakafu, na mbele yangu nikamwona bibi harusi analia huku anacheka, wanja wote umemwagika.

Kwenye meza ya mbele nikamvutia kiti. Hakuketi. Binti yake akamshika kiunoni, mzee akaikutanisha mikono na kuuinamia ukumbi, kama alivyowainamia mawakili kila asubuhi. Bado hakuketi. Na yeye asipoketi, nani mwingine angethubutu?

"Utachoka, mzee wangu. Keti."

"Yule mtu wangu wa fimbo alistaafu kabla yangu," akasema. "Miaka yote ile, sikuwahi kumwona ameketi."

Akanyoosha kidole kwenye kiti cha pembeni yake. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, labda anamwambia mtu mwingine. Ukumbi mzima, na dhahabu zao na hariri zao, umesimama unanisubiri mimi.

Nikaketi, mwiko mapajani. Ndipo naye akaketi.